Lori la Kitaya: Uliza Litashukaje

Shemeji yangu wa Kitaya, mkoani Mtwara, analima mpunga bondeni kwenye Mto Ruvuma na ana mikorosho yake juu uwandani. Baada ya misimu kadhaa ya kuweka akiba aliniomba nimsindikize Dar es Salaam kutafuta lori la mtumba. Tulizunguka yadi tatu. Katika zote tatu muuzaji aligonga boneti na kutuambia jinsi gari linavyopanda milima, hata kabla hatujauliza. Habari ya kushuka hakuna aliyeigusa, na shemeji naye hakuwa amefikiria kuiuliza.

Tuliporudi Mtwara tulimweleza mzee mmoja aliyeendesha malori ya korosho tangu ujana wake. Tulimpa shikamoo, tukaketi, tukamsomea orodha ya magari tuliyoyaona. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mlima wa kupanda ukikushinda unasimama, utingo anaweka jiwe chini ya tairi. Wa kushuka ukikushinda, jiwe utaliweka wapi?"

Tangu siku hiyo nimelichimba jambo hili, na maoni yangu ni haya: anayenunua lori la kufanya kazi kati ya Kitaya, Nanyamba, Newala na bandari ya Mtwara apime kwanza uwezo wa gari kujizuia bila kukanyaga breki za magurudumu. Farasi za injini zije baadaye.

Angalia ardhi yenyewe. Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka pwani hadi Newala, iliyo zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Safari ndefu ya Newala kwenda Mtwara haichomi breki sana, kwa kuwa kimo hicho kimetawanywa katika kilomita nyingi. Kinachochoma ni kingo za uwanda, pale ardhi inapokatika ghafla: ukitoka Newala kuelekea Masasi, ukiingia Mikindani kutoka juu, na ukishuka kutoka uwandani kwenda bonde la Ruvuma. Watu wa Kitaya wana shida ya ziada. Saruji ya kujengea hupakiwa pwani, ambako kiwanda cha Dangote kilifunguliwa 2015, ikapandishwa uwandani kisha ikashushwa bondeni. Mifuko 200 ya kilo 50 ni tani 10. Wakati wa korosho, magunia 125 ya kilo 80 ni tani 10 vilevile, nayo huteremka upande wa pili kwenda baharini. Kwa hiyo gari hilihili hushuka limejaa katika pande zote mbili za kazi yake. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba, na mvua hazikawii kuikuta ikiendelea.

Sasa tufanye hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo itakayotuongoza dukani. Fuso yenye mzigo wa tani 10 huwa na uzito wa kama tani 16 kwa jumla. Kila inaposhuka mita 100 za kimo, joto linalopaswa kwenda mahali fulani linatosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya kisima, yaani madumu mawili na nusu. Sehemu ya joto hilo huliwa na matairi na upepo. Lililobaki, ukitegemea kanyagio peke yake, linaingia kwenye dramu na lainingi. Dramu ya chuma ikipata moto hutanuka na kukimbia lainingi zinazotaka kuisugua, na lainingi zenyewe zikipita kiasi cha joto hupoteza mshiko. Dereva anakanyaga, kanyagio linashuka, gari haliitiki.

Magari ya Kijapani ya ukubwa wa kati yana hatari moja zaidi. Mengi hutumia upepo kusukuma mafuta ya breki, wala si upepo mtupu hadi kwenye gurudumu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na huku kwetu pwani unyevu hauna msimu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa povu la mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hausukumi breki. Kubadilisha mafuta haya kila mwaka ni matengenezo ya bei nafuu kuliko yote nitakayoyataja hapa, nayo ndiyo yanayopuuzwa zaidi.

Hapo ndipo breki ya ekzosi inapoingia. Ni kilango cha chuma ndani ya bomba la moshi. Dereva anavuta kijiti kilicho kando ya usukani, anaachia mafuta, kilango kinafunga. Injini inaendelea kuzungushwa na magurudumu, lakini kila pistoni inayopanda kutoa hewa inakuta njia imezibwa, inasukuma shinikizo, na kazi hiyo ya kusukuma inalirudisha gari nyuma. Joto linatoka kupitia injini na bomba, mbali na dramu. Ukikanyaga klachi au mafuta, kilango kinafunguka chenyewe.

Uwezo wake una mipaka. Shinikizo likizidi, linaweza kufungua vali za ekzosi kwa nguvu, kwa hiyo watengenezaji huliwekea kikomo. Vilango vingine vina tundu dogo au mwanya uliowekwa makusudi. Nimekutana na fundi aliyetaka kuliziba tundu hilo kwa kulehemu ili "breki ishike zaidi". Usikubali. Jambo la pili la kukumbuka: nguvu yake inategemea injini inazunguka kwa kasi gani. Katika gia kubwa, injini ikiwa inanguruma polepole, kilango ni kama hakipo. Katika gia ya pili, injini ikiwa juu, ndipo kinapofanya kazi.

Kwa malori ya kawaida ya Kijapani mimi hukadiria kilowati 8 hadi 10 za kuzuia kwa kila lita ya ukubwa wa injini, ikizunguka kwa kasi. Fuso Fighter yenye injini ya 6D17 au 6M61 ina lita 8.2, kwa hiyo tutegemee kilowati 65 hadi 80. Isuzu Forward yenye 6HH1 ina lita hizohizo 8.2, na kwa jambo hili tofauti kati yake na Fuso ni ndogo. Chagua ile ambayo spea zake fundi wako anazifahamu. Kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, gari la tani 16 likienda kilomita 30 kwa saa linahitaji kuzuiwa kwa takriban kilowati 105. Likienda 20, linahitaji 70. Unaona? Kwa 30, kilango hakitoshi na mguu utalazimika kusaidia muda wote. Kwa 20, kilango na msuguano wa barabara vinabeba karibu kazi yote, na breki za magurudumu zinabaki baridi zikisubiri ng'ombe au mtoto akivuka ghafla.

Canter ya lita 4.2 yenye uzito wa jumla wa tani 8 inatoa picha ileile. Ndogo kwa ndogo, uwiano ni mmoja. Ndiyo maana nimeacha kulinganisha majina ya magari, nikashika kipimo kimoja: gawa uzito wote wa gari lililojaa, kwa tani, kwa lita za injini. Fuso yetu inapata kama 2. Canter inapata kama 2. Chini ya hapo au papo hapo, kilango cha ekzosi kinatosha kwa dereva mwenye subira. Ukivuka 3, unahitaji kitu kingine.

Na wapo wengi waliovuka. Tazama malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, wilayani Mbinga, kuja bandari ya Mtwara, zaidi ya kilomita 600 kupitia Songea, Tunduru na Masasi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha. HOWO ya farasi 371 ina injini ya lita 9.7. Ukiifunga semi-tela na uzito wote ukafika tani 50, kipimo changu kinasoma zaidi ya 5. Kwa mteremko uleule wa 8 kwa 100, tani 50 zinataka kilowati 218 kwa mwendo wa kilomita 20 na 327 kwa mwendo wa 30. Kilango kitupu cha injini ya lita 9.7 hakiwezi kufika huko hata nusu ya njia. Anayefikiria kununua kichwa cha namna hii kwa sababu bei yake ni rahisi kuliko ya Volvo au Scania asome kibao cha injini na aulize kama ina breki ya vali, ambayo baadhi ya HOWO zinayo na nyingine hazina. Hapo ndipo bei inapodanganya: magari mawili yanafanana rangi hadi taa, moja linashuka limetulia na jingine linategemea mguu.

Breki ya namna hiyo, ya kufungua vali, ni ndugu wa kilango lakini mwenye nguvu zaidi. Injini inaachwa ikandamize hewa mpaka juu, kisha vali za ekzosi zinafunguliwa kidogo na hewa ile iliyobanwa inatupwa nje kabla haijairudishia pistoni nguvu. Ndio ule mlio wa kukatakata unaosikika usiku magari makubwa yakishuka. Aliyeivumbua ni Mmarekani Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini inayobeba jina lake. Mwaka 1931 alikuwa akishuka Cajon Pass, California, ndani ya lori la dizeli; breki zikaungua, na chini njia ya reli ilikuwa inapitwa na treni ndefu ya mizigo. Aliponea chupuchupu. Hakulisahau tukio hilo, na miaka 30 baadaye, 1961, breki aliyoibuni ikaanza kuuzwa na kampuni ya Jacobs. Huwa namfikiria kila ninaposikia mtu akisema breki ya injini ni anasa ya magari ya Ulaya. Ilizaliwa na mtu aliyekaa kwenye usukani akiona kifo.

Volvo wanatupa ulinganisho safi kabisa, kwa sababu injini ileile ya lita 13 huuzwa ikiwa na chaguo mbili. Yenye kidhibiti cha shinikizo la ekzosi peke yake hutoa takriban kilowati 200 kwa mizunguko 2,300 kwa dakika. Yenye breki ya vali, ile inayoandikwa VEB+, hutoa 375 kwa mizunguko hiyohiyo. Weka namba hizo juu ya tani 50 zetu. Ya kwanza haitoshi hata kwa kilomita 20 kwa saa bila msaada wa mguu. Ya pili inalizuia gari kwa kilomita 30 na akiba inabaki. Injini ni moja, farasi zinaweza kuwa sawa, lakini mwendo wa salama mlimani ni tofauti. Anayenunua Volvo ya mtumba bila kuuliza herufi hizo anaacha swali kubwa kuliko la rangi na maili.

Kuhusu ritada nitasema machache, kwa sababu kwa Kitaya siipendekezi. Hii hukaa kwenye giaboksi. Mafuta huzungushwa kwa nguvu kati ya sahani mbili, na joto lake hupelekwa kwenye rejeta. Ritada ya Scania ya R4100 inaweza kutoa nguvu ya kuzuia ya nyutoni-mita 4,100, na kwenye mteremko mrefu wa lami kama Kitonga, Iringa, hakuna kinachoishinda. Lakini uwezo wake hutegemea kasi ya propela shafti. Kwenye kingo fupi za udongo unazoshuka kwa mwendo wa kutembea, inakuwa dhaifu pale hasa unapoihitaji. Mfumo wake wa kupoza kwa maji ukiwa na kutu au uvujaji, utaipoteza injini. Na sili zake zikichoka, fundi wa kuzifungua ipasavyo ni wa kumtafuta mbali na Nanyamba. Ni chombo bora kwa anayelala Tunduru leo na Mtwara kesho, siyo kwa anayerudi Kitaya kila jioni.

Turudi kwenye mfuko wa shemeji. Gari la mtumba lenye kilango kinachofanya kazi na lile ambalo kilango kimekufa huuzwa kwa bei moja, kwa sababu hakuna anayeuliza. Hapo mnunuzi makini anapata faida. Tuliporudi Dar baada ya kuonana na yule mzee, kwenye yadi ya pili tuliomba tuendeshe gari likiwa tupu, gia ya tatu, barabara ya sawa. Nikavuta kijiti na kuachia mafuta. Taa kwenye dashibodi ikawaka vizuri kabisa. Gari likaendelea kama halijaambiwa neno. Tulipoinama chini tukakuta mpira wa vakyumu umekatwa na kuzibwa kwa msumari, na mkono wa kilango umeganda kwa masizi. Muuzaji akasema vyote hivyo ni vya kawaida. Kwa hiyo taa isikudanganye. Inakuonyesha kwamba swichi inafanya kazi, basi. Sikia mlio ukibadilika na kuwa mzito, sikia kifua kikivutwa mbele, na mtume mtu aangalie kama mkono wa kilango unacheza.

Kilango kikiwa kimeganda, fundi hulegeza na kusafisha masizi, akabadilisha mipira na, ikibidi, solenoidi. Kikiwa kimeliwa kabisa, hununuliwa cha mtumba pamoja na silinda yake ndogo. Je, inalipa? Tuseme kubadilisha lainingi za gari zima, pamoja na ufundi, kunakula shilingi 800,000, na kwa kazi yako unabadilisha mara 3 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 2.4. Kilango kikibeba nusu ya kazi ya kuzuia, unabadilisha mara moja na nusu, na shilingi milioni 1.2 zinabaki mfukoni kila mwaka, bila kuhesabu dramu zilizopasuka kwa moto na siku gari lilizolala. Weka bei za duka lako mahali pa hizi zangu, mantiki haibadiliki. Na muuzaji akikataa kutengeneza, punguza gharama hiyo kwenye bei yake, papo hapo, kabla ya kusaini.

Kuna maneno mawili ya gereji ambayo yamewagharimu watu, na sina budi kuyapinga. La kwanza ni kwamba breki ya ekzosi inaua injini. Kinachoua injini ni dereva anayeingia mteremkoni kwa kasi kisha akalazimisha gia ndogo, mizunguko ikapita mstari mwekundu. Kinachoichosha pia ni kilango kilichoganda nusu wazi: gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, linachemka, na lawama zinapelekwa kwenye pampu. Kilango kizima kinachotumiwa kila siku hakipati nafasi ya kuganda. Huku kwetu, chumvi ya hewani ikikutana na masizi, kilango kisichotumiwa mwezi mzima huanza kushikwa na kutu. Usikipake grisi ya kawaida. Joto huigeuza kuwa masizi mengine.

La pili ni kuachia fri mteremkoni ili kuokoa mafuta. Injini ya dizeli iliyo kwenye gia, mguu ukiwa umeachia, husukumwa na magurudumu na pampu hukata mafuta. Ikiwa fri, inabidi ijiendeshe yenyewe, na hapo inakunywa. Dereva anayeachia fri anatumia mafuta zaidi huku ameitupa breki yake bora. Tajiri anayemsifia dereva wa namna hiyo kwa kubana matumizi ajue anachokisifia.

Liko suala la tela, ambalo shemeji alilipenda kwa sababu mtu alimwambia Fuso inaweza kuvuta kitela cha tani 5 wakati wa korosho. Kwa kipimo changu, kitela hicho pamoja na uzito wake mwenyewe kinamtoa kwenye 2 na kumsogeza karibu na 3. Si hilo tu. Breki ya ekzosi inazuia magurudumu yanayoendeshwa peke yake, yaani ya nyuma ya kichwa. Tela halizuiwi na kitu, linasukuma. Kwenye lami kavu hilo linavumilika. Kwenye udongo uliolowa wa kushukia Kitaya mwezi Januari, matairi ya nyuma yanaweza kuteleza kwa nguvu ya kilango tu, hata kama hukugusa kanyagio, na tela likakunja gari upande. Kwa hiyo kwenye utelezi kilango hutumiwa kwa tahadhari: gia ndogo kabla ya kuingia mteremkoni, mwendo wa chini, na kijiti kiachiwe mara unapohisi mkia unaondoka. Na kama tela halina breki zake za upepo zinazofanya kazi, mimi nisingeliruhusu lishuke huko hata tupu.

Mwishowe shemeji alichukua Isuzu Forward kutoka yadi ya tatu. Ilikuwa ghali kidogo kuliko Fuso ya yadi ya pili, na rangi yake imechakaa. Ila tulipovuta kijiti katika gia ya tatu, sote wawili tuliegemea mbele. Kabla ya kuondoka Dar alinunua mafuta ya breki ya DOT 4, na safari ya kwanza ya saruji alimwomba yule mzee akae naye kibandani. Juu kabisa, kabla barabara haijaanza kuinama kuelekea mtoni, mzee alimsimamisha, akamwambia ateremke aguse dramu moja moja kwa nyuma ya mkono. Wakashuka kwa gia ya pili, tani 10 mgongoni. Walipofika chini akamwambia aguse tena. Zilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichoachwa mezani.